Vifaru Watano Ambao Hawakwenda Kenya



Mwaka 1960, nchi yetu ilipojipatia uhuru, vifaru weupe zaidi ya elfu moja walikuwa wakilisha katika Hifadhi ya Taifa ya Garamba, kule kaskazini-mashariki, penye mpaka wa Sudani. Leo hakuna hata mmoja wa ukoo ule aliyebaki porini, si kwetu wala penginepo duniani. Wamesalia majike wawili tu, nao wako Kenya, wakilindwa na watu wenye silaha usiku na mchana. Kila ninapoziandika namba hizi mbili ubaoni mbele ya walimu watarajiwa, yaani 1000 na 2, yupo mmoja anayeuliza kama sifuri zimesahauliwa.

Kwa kawaida habari hii husimuliwa kwa maneno machache: majangili walikuja, wakaua, wakaondoka. Historia haikwenda hivyo. Vifaru wa Garamba walikaribia kwisha mara mbili, na mara zote mbili wakainuka tena. Mara ya tatu hawakuinuka. Na ndani ya mara hiyo ya tatu upo uamuzi uliotolewa na sisi Wakongomani wenyewe, mwanzoni mwa mwaka 2005, ambao haufundishwi shuleni na ambao unastahili kutazamwa kwa utulivu, bila kumzomea mtu.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Kifaru mweupe ni mweupe kwa jina tu. Rangi yake ni ya kijivu kama ya ndugu yake aitwaye mweusi. Tofauti iko mdomoni. Mweusi ana mdomo uliochongoka, naye huchuma majani ya vichaka; mweupe ana mdomo mpana na hulisha nyasi kama ng'ombe, kichwa kikiwa chini. Dume lake laweza kuzidi tani mbili. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 16 hivi, huzaa ndama mmoja, na hukaa miaka miwili au mitatu, pengine zaidi, kabla ya kuzaa mwingine. Hesabu hiyo msiisahau, kwa maana yote yatakayofuata yanaitegemea: risasi moja hufuta kwa dakika moja kazi ambayo jike huifanya kwa miaka mingi.

Vifaru weupe wako koo mbili, wa kusini na wa kaskazini. Wa kaskazini walienea kuanzia kusini mwa Chad, kupitia Afrika ya Kati na Sudani ya Kusini, hadi Uganda ng'ambo ya magharibi ya Nile, na kwetu katika nchi ya Uele. Wataalamu wa Ulaya waliwapa jina la kisayansi mwaka 1908, kwa heshima ya mwindaji Mwingereza, Powell-Cotton, aliyewapiga risasi katika eneo la Lado. Miaka miwili baadaye Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikwenda Lado kuwawinda pia, kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya kwao. Ndivyo zama zile zilivyokuwa: mnyama alipewa jina na yule aliyemwua.

Lakini sisi wa Kisangani tusijifanye wageni katika biashara ya pembe. Kabla mji huu haujaitwa Stanleyville, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikwisha kufika kwenye maporomoko wakitafuta pembe za ndovu, na mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa hapa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili. Pembe zilipanda kutoka hapa kwenda Kasongo, kisha Ujiji, hadi Zanzibar, zikibebwa na watu ambao wengi wao hawakurudi. Kiswahili hiki tunachokisema na kusali nacho kilifika kwetu katika misafara ileile. Hata neno kipusa, yaani pembe ya kifaru, ni neno la wafanyabiashara wa pwani. Mnyama alikuwa na jina lake, na bidhaa ikawa na jina lake peke yake. Lugha hutunza kumbukumbu ambazo watu wangependa kuzisahau.

Hifadhi ya Garamba ilianzishwa mwaka 1938 na serikali ya Kibelgiji, kwa sababu ya vifaru na twiga hasa. Ina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 5000, na pembeni mwake yako maeneo ya uwindaji yenye ukubwa unaopita huo. Wenyeji, Waazande, Walogo na wengineo, hawakuulizwa. Jambo hili tulitaje sasa, maana litaturudia.

Anguko la kwanza lilianzia karibu na milango yetu. Mnaujua mwaka 1964 kwa sababu ya Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba. Miezi mitatu kabla ya hapo waasi wa Simba walikuwa wametangaza serikali yao hapa Kisangani, na baada ya askari wa miavuli wa Kibelgiji kushuka mjini tarehe 24 Novemba, vikundi vya waasi vilisukumwa kuelekea kaskazini-mashariki, ambako silaha ziliingia kupitia Sudani. Garamba ikawa kambi. Watu wenye bunduki na njaa walikaa miongoni mwa wanyama wasiojua kukimbia bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kati ya vifaru zaidi ya elfu moja walikuwa wamebaki wapatao mia moja.

Hapo historia ingeweza kufungwa. Haikufungwa, kwa sababu walinzi walirudi. Utawala ulipotulia na doria zikaanza tena, vifaru walianza kuzaa bila kusumbuliwa, na hesabu ya mwaka 1976 ilikadiria kwamba wamefika karibu 490. Makadirio yale hayakuwa sahihi kwa mnyama mmoja mmoja, lakini mwelekeo wake haukuwa na shaka.

Anguko la pili halikuhitaji vita kwetu. Lilikuja na bei. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, vijana wengi wa Yemen walikwenda kufanya kazi Saudia, wakarudi na fedha, na wengi wakataka jambia yenye mpini wa kipusa, heshima ambayo zamani ilikuwa ya watu wakubwa tu. Huko Asia ya Mashariki nako kipusa kilinunuliwa kama dawa ya homa, ingawa kimeumbwa kwa kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Mkataba wa kimataifa ulipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1977. Fedha hazikuusoma mkataba. Wakati huohuo bunduki za kivita zilizagaa mipakani, hasa baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979 na askari wake kukimbilia Zaire na Sudani. Mwaka 1984 vifaru wote wa Garamba walihesabika kwa vidole vya mikono na vya mguu mmoja: walikuwa 15.

Mwaka huo UNESCO iliiandika Garamba katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mradi wa kuihuisha ukaanza, ukiiunganisha taasisi yetu ya uhifadhi na mashirika ya nje. Watafiti wawili, Kes Hillman Smith na mumewe Fraser Smith, walikaa hifadhini kwa miaka mingi. Lakini waliotembea katika nyasi ndefu kila siku ni walinzi Wakongomani. Kila kifaru alijulikana peke yake, kwa umbo la pembe zake na makunyanzi ya pua yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 idadi ilikuwa imefika takriban 30, na mwaka 1992 Garamba ikaondolewa katika orodha ile. Kuongezeka mara mbili kwa muda usiofika miaka kumi, kwa mnyama azaaye polepole kiasi kile, maana yake ni kwamba karibu hakuna aliyeuawa.

Kisha vikaja vita ambavyo wazazi wenu wanavikumbuka vizuri kuliko vitabu. Mwaka 1996 Garamba ilirudishwa katika orodha ya hatari, na mwaka uliofuata walinzi walinyang'anywa silaha na makao yao ya Nagero yakaporwa. Mwaka 1998 vita vya pili. Nchi iligawanyika, mishahara haikufika, mistari ya mapigano iliwatenga walinzi na Kinshasa. Nanyi mngetazamia kwamba vifaru waliangamia wakati huo. Hawakuangamia. Mwaka 2003, baada ya vita viwili, walikuwa bado takriban 30. Walinzi waliendelea kutoka doria upande wa waasi kama walivyofanya upande wa serikali. UNESCO ilipatana na pande zote ili walipwe posho, na wao wakaishika kazi. Naona hii ni mojawapo ya habari za heshima kubwa katika historia ya nchi yetu, na sijaikuta katika kitabu chochote cha shule.

Ajabu ni kwamba maafa yalikuja amani ilipokuwa ikitiwa saini. Kuanzia mwaka 2003 na 2004 waliingia wapanda farasi kutoka Sudani, wenye bunduki za kivita na misafara ya punda wa kubeba mizigo. Hawakuja kutafuta kitoweo, kama majangili wa zamani waliowinda nyati kwa ajili ya nyama. Walichukua pembe za ndovu na kipusa, wakaacha mizoga. Walinzi wenye risasi chache walipambana na watu waliozoea vita. Kwa muda wa mwaka mmoja na kitu, zaidi ya nusu ya vifaru waliuawa.

Basi Januari 2005 likatolewa pendekezo: vifaru wasiozidi watano wakamatwe, wapelekwe Kenya kwa ndege, watunzwe mahali salama, wazae, na siku moja uzao wao urudishwe Garamba. Serikali ya Kinshasa iliridhia. Kisha pingamizi likazuka, bungeni, magazetini na kwa wakazi wa pembezoni mwa hifadhi: kwa nini mali ya taifa ipelekwe nchi ya kigeni? Baada ya wiki chache mpango ukasimamishwa. Vifaru hawakuondoka.

Wapo wanaocheka wakisikia hayo, hasa wageni. Mimi sicheki. Taifa ambalo kwa miaka zaidi ya mia limeona pembe, mpira, shaba, dhahabu na almasi zikisafirishwa kwa ahadi kwamba faida itarudi, lina haki ya kuuliza swali linaposikia kwamba sasa na wanyama watasafirishwa kwa ahadi ileile. Na wale Walogo na Waazande ambao hawakuulizwa mwaka 1938 hawakuulizwa vya kutosha mwaka 2005 pia. Mtu asiyeulizwa hujibu kwa njia aliyonayo, na njia iliyobaki kwao ilikuwa kukataa.

Tena kuhamisha peke yake si dawa. Miaka ya 1960 vifaru wachache wa ukoo huuhuu walihamishwa ndani ya Uganda, kutoka upande wa West Nile hadi hifadhi ya Murchison Falls. Waliongezeka vizuri, kisha vita vya miaka ya Amin na vya baada yake vikawamaliza wote. Aliyehamishwa bila ulinzi hufia ugenini badala ya kufia nyumbani, hiyo ndiyo tofauti.

Hata hivyo upo mfano mwingine, na huu ndio unaonifanya niamini kwamba tulikosea. Vifaru weupe wa kusini, mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wamebaki kikundi kidogo kisichofika mia moja, mahali pamoja tu, Umfolozi, Afrika Kusini. Mwaka 1960, huo mwaka wa uhuru wetu, wa kaskazini walikuwa bado wengi kuliko wa kusini. Lakini miaka ileile maofisa wa hifadhi ya Umfolozi, wakiongozwa na Ian Player, walianza kuwakamata na kuwasambaza katika hifadhi nyingine na hata nje ya nchi, ili msiba mmoja usiweze kuwachukua wote. Leo wa kusini ni maelfu kwa maelfu, ingawa majangili hawajawaacha hata wao. Koo mbili, pembe zilezile, wanunuzi walewale. Mmoja uligawanywa katika vikapu vingi. Mwingine ulibaki katika kapu moja, na kapu lile lilikuwa katikati ya njia ya vita.

Tuliposema mwaka 2005 kwamba vifaru ni wetu, tulisema kweli. Lakini neno wetu linaweza kusemwa na mwenye shamba anayelala shambani akiwinga nyani, na linaweza kusemwa na anayekaa mjini na hati mkononi. Walinzi wa Nagero walikuwa wakilisema kwa namna ya kwanza. Sisi wengine, na Kisangani tumo, wakati ule tukiwa makao makuu ya jimbo lililokuwa na Garamba ndani yake, tulilisema kwa namna ya pili. Baada ya kuukataa mpango, hakuna kikosi tulichotuma, wala mshahara tulioongeza, wala swali lililoulizwa tena bungeni mwaka uliofuata. Kukataa kulikuwa na uzito wote, na kulinda hakukuwa na uzito wowote.

Katika hesabu ya mwaka 2005 wanyama walioonekana kwa hakika walikuwa wanne. Mwaka 2006 wakaonekana kwa mara ya mwisho. Watafutaji waliotembea hifadhini mwaka 2007 na 2008 hawakumwona hata mmoja. Je, wale watano wangeokoa ukoo mzima? Hakuna awezaye kuapa. Pengine wangekufa njiani, pengine wangekataa kuzaa. Kilicho hakika ni kwamba walikuwa wa damu ya porini, waliokwisha kuzaliana wenyewe bila msaada wa mtu, na kwamba kubaki kwao hakukumpa mtu yeyote wa Faradje wala wa Dungu kitu chochote.

Na pengo halikubaki tupu. Mahali palipokosa ulinzi wa kutosha kwa ajili ya wanyama palikaliwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony, walioingia kutoka Sudani na kujenga kambi ndani ya Garamba. Januari 2006 waliwaua makomando wanane wa Guatemala waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Desemba 2008, baada ya majeshi kuzishambulia kambi zao, walilipiza kisasi kwa raia: siku ya Noeli waliwashambulia watu wa Faradje walipokuwa wakisherehekea, na siku zilezile wakaua katika vijiji vya Doruma na Duru. Waliouawa walikuwa mamia. Tarehe 2 Januari 2009 wakaivamia Nagero yenyewe, wakaua na kuchoma. Wapo wanaosema kwamba kuwalinda wanyama ni anasa mahali ambapo watu wanateseka. Ningewaomba waitazame ramani ya Garamba ya miaka ile, waone kama wanaweza kuchora mstari kati ya pori lililoachwa bila mlinzi na kijiji kilichoachwa bila mlinzi.

Tangu mwisho wa 2005 hifadhi inaendeshwa kwa ushirikiano wa ICCN na shirika la African Parks. Ndovu waliendelea kuuawa, na walinzi pia. Oktoba 2015, kwa mfano, walinzi watatu na kanali mmoja wa jeshi waliuawa katika mapambano ya siku moja. Wajane wao wanaishi katika jimbo jirani na letu.

Wakati Garamba inakosa hata nyayo, palikuwa na vifaru wachache wa kaskazini katika bustani za wanyama. Sita walikuwa wamekamatwa huko Shambe, Sudani, mwaka 1975 na kupelekwa Dvůr Králové, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Desemba 2009 wanne kutoka bustani hiyo walirudishwa Afrika, hadi Ol Pejeta nchini Kenya: madume Sudan na Suni, na majike Najin na Fatu. Walikwenda, basi, katika nchi ileile ambako watano wetu walikuwa waende, lakini wakiwa wamezeeka au wamezoea vizimba. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Wamebaki Najin, ambaye ni binti yake, na Fatu, ambaye ni binti wa Najin. Wala mama wala mwana hawezi kubeba mimba.

Juni 2023 ndege ilitua Garamba na vifaru weupe 16 kutoka Afrika Kusini. Hao ni wa ukoo wa kusini, uzao wa wale wa Umfolozi waliosambazwa miaka ya 1960, na wameletwa ili nyasi za Garamba zilishwe tena na mdomo ule mpana. Si wale tuliowapoteza, na asiwepo mtu wa kuwaambia watoto kwamba ndio wale.

Kwa upande wa wale wa zamani, wanasayansi wanachukua mayai ya Fatu na kuyaunganisha katika maabara ya Cremona, Italia, na mbegu za madume yaliyokufa, ili viinitete vipandikizwe katika matumbo ya majike wa kusini. Januari 2024 walitangaza kwamba kwa mara ya kwanza kiinitete cha kifaru, cha ukoo wa kusini kilichotumika kwa majaribio, kilishika mimba kwa njia hiyo; jike aliyekibeba alikufa kwa maambukizo ya bakteria mimba ikiwa changa, ya siku 70. Viinitete vya kaskazini vimehifadhiwa katika baridi kali, vikingoja zamu. Fatu, ambaye mayai yake ndiyo yanayotumika, alizaliwa Dvůr Králové mwaka 2000. Mwaka huo Garamba ilikuwa na vifaru takriban 30, na vita vikiendelea, walinzi walitoka Nagero asubuhi kwenda kuwahesabu.